Sanduku la Marubani wa Lomami Azur

Plamedi alisikia habari mbili asubuhi moja, kwenye kibanda cha chai karibu na gare ya treni ya Kamina. Redio ilisema mashirika ya ndege yanapanuka haraka mno, marubani hawatoshi. Naye mwalimu Mbayo, aliyekaa naye meza moja, akalalamika kwamba miaka ishirini na miwili hajapandishwa cheo. Mtu wa kawaida angemwonea huruma. Plamedi alimwagizia chai ya pili.

Wazazi wake walimpa jina hilo kwa maana ya mpango wa ajabu wa Mungu. Mipango mingine yote alijiongezea mwenyewe. Kufikia Jumatano alikuwa na shati jeupe lenye mistari minne mabegani, muhuri, na kanuni za kampuni ya Lomami Azur, iliyokuwa na kila kitu isipokuwa ndege. Kujiandikisha, dola hamsini. Cheo hupanda kwa zamu: wa kwanza kwenye orodha ndiye wa kwanza kuwa commandant, yaani rubani mkuu, na mshahara wa commandant ulikuwa na sifuri nyingi hata Mbayo akavua miwani kuifuta.

“Solde inaanza siku gani?” aliuliza.

“Siku ndege ya kwanza itatua, mwalimu. Tunapanuka mbio! Ule mwenye anaingia leo copilote, mwezi ya kuya iko commandant.”

Mbayo akawa namba moja. Wakafuata wengine kumi na sita, waumini wenzake wa Kanisa la Methodisti, na Plamedi, mwepesi wa hesabu, akajiona tayari kwenye treni ya Jumamosi na dola mia nane na hamsini.

Alisahau kitu kimoja. Watu hawa wa kanisa na ofisi hawawezi kuweka pamoja hata sarafu mbili bila kuchagua kamati na kuandika muhtasari wa kikao. Ada zote ziliingia kwenye sanduku la kufuli, na ufunguo ukaenda kwa Mama Béthanie, aliyefanya kazi ya usekretari miaka thelathini na minne na kuwaona wengi wakiajiriwa kwa vyeti vya kubuni.

Ijumaa alasiri kikao kilifunguliwa. Plamedi alitabasamu.

“Mama, leta ile sanduku, nipeleke feza ku direction.”

“Mutoto yangu, weye mwenyewe njo uliandika, article ya ine: commandant njo anachunga feza yote. Weye iko numero ngapi?”

“Minyi iko directeur!”

“Directeur haiko mu liste. Na dossier yako sijaiona. Lipa kwanza uingie mu liste, wenzako wanaweza kukuachia zamu.”

Plamedi alilitazama sanduku. Mfukoni alikuwa na dola hamsini, nauli yake ya treni. Kutoa hamsini upate mia nane na hamsini, nani angesita? Akalipa, akaandikwa namba kumi na nane.

Hapo Mbayo akasimama. “Minyi numero moja, ninaachia Plamedi zamu yangu.” Wa pili akaacha, wa tatu akaacha, mpaka wote. Makofi yakapigwa. Ikafuata sala ya kumsimika commandant mpya, sala ndefu, na Plamedi akafumba macho kwa adabu. Adabu haikuwahi kumgharimu hivyo maishani.

Alipofumbua, alikabidhiwa ufunguo. Akafungua sanduku. Ndani mlikuwa na kanuni zake mwenyewe, zimekunjwa vizuri, na karatasi yenye sahihi kumi na saba: kila mtu alikwisha kurudishiwa ada yake jana.

Mlangoni ikaingia harufu ya samaki wa Bukama. Kamina, mtu akipanda cheo huwalisha wenzake. Wenyewe huita arrosage, na hakuna anayesamehewa. Kwa Wamethodisti hawa kinywaji ni soda, lakini samaki hana dhehebu.

“Commandant,” alisema Mbayo, akionyesha samaki, “dola yako makumi tano njo hii.” Kisha akashusha sauti. “Kweli, nilikuaminia. Siku mbili nzima bibi yangu alikuwa ananiita commandant.”

Plamedi aliona haya, jambo geni kwake, hadi alipokumbuka treni.

“Na feza yangu ya treni? Mutanirudishia lini?”

Mama Béthanie alimwekea kichwa cha samaki, kama inavyompasa mkubwa.

“Siku ndege ya kwanza itatua, mutoto yangu. Kula.”