Maji ya Vuguvugu na Magoti ya Mtaa Mzima

Jumatatu, 7 Novemba 2005

Msiba! Wamepoza maji ya bafu la mtaa. Miaka hamsini nimeoga humo kwa nyuzi joto arobaini na sita. Unaingia mweupe, unatoka kama kaa wa kuchemsha. Leo nimetumbukia, nikakaza meno, nikangoja kuungua. Wapi! Nyuzi arobaini na moja. Uji wa mgonjwa.

Nikamuuliza Bi Ritsuko, mwenye bafu, pale juu ya kiti chake kirefu mlangoni, kama moto umemfia. Akasema Mwalimu Hachisuka, mwenyekiti wetu wa mtaa, ameomba yapunguzwe ili wazee wasizimie. Wazee gani? Mimi nina sabini na nne tu! Huyo Hachisuka ndiye anayeingia majini kidole kimoja kimoja, kama kuku anayevuka dimbwi. Alistaafu ualimu mkuu zamani, lakini hajaacha kusahihisha watu.

Nyumbani hatuna bafu. Sawae, mke wangu, anasema kama sipendi maji hayo nikaoge mtoni. Novemba hii! Nataka moto wangu urudi, na utarudi.

Jumanne, 8 Novemba

Mkutano ukumbini. Hachisuka na fimbo yake ya kuelekezea. Mada: barua pepe za uongo zinazosambazwa na watu wazima wenye akili zao (hapo akanitazama). Akataja dalili nne. Moja, haina jina la mwandishi wala tarehe. Mbili, inamtaja daktari bingwa ambaye hapatikani popote. Tatu, inatisha. Nne, inakuhimiza uipeleke kwa watu kumi upesi. Ukiona hizo, futa, usimpelekee hata shemeji yako.

Nimeandika zote kwa kalamu nzuri. Hachisuka alifurahi sana kuniona naandika. Akasema hatimaye Mzee Torazo anasoma. Ninasoma, mwalimu! Hayo ni mapishi kamili, kasoro chumvi.

Jumatano, 9 Novemba

Nimepika. Hii hapa:

“Onyo! Daktari bingwa wa Ujerumani amegundua kuwa maji ya kuoga yasiyofika nyuzi arobaini na tano yanalegeza magoti. Mtu mmoja wa Hokkaido aliingia akitembea, akatoka akitambaa. Wapelekee watu kumi kabla ya siku tatu. Aliyepuuza sasa anapanda ngazi kwa makalio.”

Hayo ya makalio yamenitoka tu. Kipaji.

Tatizo moja. Simu yangu ina anwani tatu. Sawae, aliye chumba cha pili. Mkwe wangu aliye mji wa Niigata. Na wale wa meno ya bandia, wanaonikumbusha miadi. Kumi nitawatoa wapi?

Mara mlango ukagongwa. Ubao wa mtaa, ule wa kubania matangazo unaopita nyumba kwa nyumba! Zamu yetu kuanza. Matangazo ya siku za taka, zoezi la moto, na orodha ya nyumba ishirini na tatu. Kila nyumba isome, igonge muhuri, ipeleke kwa jirani. Nikabana onyo langu katikati ya taka na moto. Nikagonga muhuri wa jina letu la ukoo, Uozumi, mwekundu, umenyooka. Sawae akauliza mbona natabasamu kama paka aliyeiba samaki. Nikasema nalipenda zoezi la moto.

Jumapili, 13 Novemba

Ubao umerudi. Mihuri ishirini na tatu! Na wa Hachisuka umo! Sawae anasema huyo hugonga bila kusoma, maana matangazo huandika mwenyewe. Sasa mtaa unasema kama ni uongo, mihuri yote hii imetoka wapi? Kinyozi Kuge amelinakili onyo langu kwenye kompyuta na kuwatumia wateja wake wote. Jioni nimemwona akipima magoti yake dukani, anachuchumaa, anainuka, anachuchumaa.

Kesho Bi Ritsuko atachochea moto. Nimeshafua taulo.

Jumatatu, 14 Novemba

Maji bado vuguvugu. Halafu simu ikalia. Barua kutoka kwa mkwe wangu Niigata. “Baba, jihadhari sana, imetoka kwa rafiki wa bosi wangu.”

Nimesoma mara tatu. Madaktari watatu wa Uswisi! Si maji ya vuguvugu peke yake, ni bafu lolote la kuchangia! Si magoti tu, ni ufizi na nywele pia! Na Hokkaido si mtu mmoja tena, ni wacheza mieleka saba, wote wanatambaa!

Mungu wangu. Mimi nilisema magoti kwa utani. Kumbe nilikuwa nimegusa jambo kubwa kuliko mimi. Wataalamu wamethibitisha uongo wangu.

Sitaoga.

Alhamisi, 17 Novemba

Siku ya tatu bila kuoga. Magoti yanauma kidogo, hasa nikiyafikiria. Sawae ameuhamishia mto wangu barazani. Anasema nanuka kama figili zilizosahaulika kwenye mtungi. Nikampa simu asome mwenyewe jinsi hali ilivyo.

Akasoma. Akauliza ni nani katika Japani nzima anayesema mtu anapanda ngazi kwa makalio. Nikasema wanasayansi wa Uswisi. Akaniletea karatasi yangu ya kwanza aliyoiokota chini ya mkeka, imekunjwa, wino umemwagika, makalio yale yale. Akasema, “Tora, umejitia hofu kwa mkono wako mwenyewe, na bado hutaki kuoga?”

Nikamwambia inawezekana Waswisi waliniiga.

Ijumaa, 18 Novemba

Nimekwenda bafuni. Hakuna ndara hata moja pale kwenye rafu za viatu. Hodhi halina mtu, maji yametulia kama kioo. Bi Ritsuko kwenye kiti chake anafuma soksi. Akaniambia wiki nzima wameingia watu wanne, na mmoja alikuja kuuliza njia. Mwisho wa mwaka anafunga. Baba mkwe wake ndiye aliyelijenga. Hakulia. Angelia ingekuwa afadhali. Akaniuliza magoti yangu hayajambo.

Nilishindwa hata kulalamikia maji.

Nyumbani Sawae akasema bafu likifungwa tutahamia Niigata kwa mkwe. Ana bafu dogo la plastiki linalozungumza kwa sauti ya msichana. Sitaki kuogeshwa na msichana wa plastiki!

Jumamosi, 19 Novemba

Nimeandika ukweli. “Habari za magoti ni za uongo. Nilizitunga mimi, Torazo Uozumi. Tafadhali wote mwambizane upesi, la sivyo bafu litafungwa.” Jina lipo, tarehe ipo, muhuri mara mbili. Nikaupeleka ubao mwenyewe nyumba ya jirani.

Jumanne, 22 Novemba

Umerudi. Hawaamini! Uongo uligongwa mihuri ishirini na tatu, ukweli umegongwa sita. Kinyozi Kuge ameandika pembeni kwamba Mzee Torazo hawezi kutunga kitu kinachohusu Ujerumani, hana elimu hiyo. Tusi! Hachisuka, safari hii amesoma, amesahihisha kwa kalamu nyekundu: inatisha, ndiyo, inahimiza kusambazwa upesi, ndiyo, jina la mwandishi, linatia shaka. Dalili tatu kati ya nne. Futa.

Nimemwendea mlangoni kwake. Nikamwapia kwamba ni mimi. Akasema katika miaka yote ya ualimu hajapata kuona mtoto anayeomba aadhibiwe kisha akakosa wa kumwadhibu. Halafu akasema kuna njia moja tu, nayo haitanipendeza.

Jumatano, 23 Novemba

Sikukuu ya kitaifa, watu wako nyumbani. Mwalimu kawaita wote bafuni.

Saa nzima! Nimekaa saa nzima kwenye maji ya nyuzi arobaini na moja, taulo kichwani, Hachisuka ubavuni na saa mkononi, wanaume kumi na tisa wamesimama ukingoni wakiyatazama magoti yangu. Kutoka ng'ambo ya ukuta unaotutenga na wanawake Sawae akapaza sauti, akiuliza kama nimeshayeyuka, maana ana supu jikoni. Upande wa wanawake wakaangua kicheko.

Nikatoka. Kuge akasema nichuchumae. Nikachuchumaa. Akasema mara tatu. Uchi wa mnyama, mara tatu, mbele ya mtaa! Halafu akanitaka nipande ngazi ya kufikia dirisha, na kwa miguu. Nikapanda. Wakapiga makofi. Kisha wakajitupa majini wote kumi na tisa mpaka yakamwagika hadi mlangoni, na Bi Ritsuko akaacha soksi zake akashuka kutoka kwenye kiti, jambo ambalo sijaliona tangu mumewe afe.

Hafungi! Amesema hafungi.

Nikanong'ona kuhusu nyuzi arobaini na sita. Wote kwa pamoja wakasema hapana. Mtu kakaa saa nzima mbele ya macho yetu na ametoka mzima, basi hayo hayo ndiyo maji. Hachisuka akaandika kwenye daftari la mtaa. Nimeyathibitisha mwenyewe, kwa makalio yangu.

Jumapili, 27 Novemba

Barua mpya kwenye simu! Daktari mashuhuri wa Brazili amegundua kuwa taulo jeupe likiwekwa kichwani wakati wa kuoga hunyonya kumbukumbu. Lazima liwe jekundu. Wapelekee watu ishirini kabla ya Jumatano.

Nimeipima kwa makini, maana sasa mimi ni mjuzi. Haina jina. Haina tarehe. Daktari hapatikani. Inatisha. Inahimiza. Lakini wiki hii nimesahau nilikoweka meno yangu ya bandia mara mbili!

Nimetia taulo rangi nyekundu kwenye ndoo ya Sawae ya kuoshea mchele. Bafuni rangi ilinichuruzika mpaka kidevuni, na Kuge akakimbia kuita gari la wagonjwa. Ni wivu. Karatasi nimeshaibana kwenye ubao, katikati ya taka na chanjo ya mafua, na kesho asubuhi itakuwa kwa jirani.

Ile ya magoti ilikuwa uongo, nakiri. Hii ni ya kweli. Sikuiandika mimi.