Mama Ursula Ananukia Sabuni

Mwaka ule wa themanini na tatu sabuni iliadimika, na Babati nzima ikanuka utu. Ndipo Damasi, mtu mwenye ulimi laini na soksi zisizofuliwa tangu Pasaka, alipopita kwenye duka tupu la Mama Ursula pale Bagara, akasimama ghafla. Mama huyu alinukia.

"Ana katoni chini ya kitanda," pua ikamnong'oneza. Pua ya Damasi haikujua kudanganya. Kazi hiyo ilikuwa ya ulimi.

"Shikamoo, Mama Ursula. Mtoto anaendeleaje na homa?"

"Marahaba. Hii ya tatu tangu mvua zianze."

"Mbu hao, mama. Mbu hamwoni mtu, anamnusa. Na sabuni ndiyo inayomwita. Nimefanya utafiti Arusha." Kweli, aliwahi kudeki ofisi ya watafiti, majuma mawili. "Nipe hiyo sabuni nikaizike mbali, kabla haijamwua mtoto. Na kabla wakaguzi wanaosaka bidhaa zilizofichwa hawajaja."

Mama Ursula alimtazama miguuni.

"Kwa hiyo wewe, unavyonuka hivyo, hawakuumi?"

"Hata mmoja!"

"Basi vua viatu, kunja suruali, ukae barazani kwangu jua likizama. Usipojikuna mpaka giza liingie, katoni ni yako."

Mbu wa Ziwa Babati hawakuwa na mgawo. Walikuja ukoo kwa ukoo, wakajipanga kwenye vidole vya Damasi kwa adabu ambayo foleni ya sukari haijapata kuiona. Yeye alitabasamu huku machozi yakimtoka, akaisifu hali ya hewa. Hakujikuna.

Aliondoka na katoni, akaifukia kijijini Singe kungoja bei ya Krismasi. Mjanja hauzi mapema.

Siku ya kumi na mbili alirudi amejifunika blanketi, meno yakigongana.

"Mama Ursula, nimezunguka mji mzima. Nasikia wewe una klorokwini ya malaria."

"Ninayo. Ursula amepona, imebaki. Nayo ilikuwa chini ya kitanda, ila haina harufu."

"Unauzaje?"

"Katoni moja ya sabuni. Ijae."

Katoni ilirudi na udongo wake wa Singe. Mama Ursula akampa vidonge na kikombe cha maji, akamshikia mkono usimwage. Kisha akakata kipande cha mche mmoja, akamtilia mfukoni.

"Habari ya kunusa hukunidanganya, mwanangu," alisema kwa upole. "Sasa nenda ukafue soksi."