Kodi Mafi, Maendeleo Mafi

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Mapokezi, Bwana Noah. Naibu Mwenyekiti, Bi Rosebellah, ambaye pia ndiye Katibu na nimeambiwa ndiye aliyepika. Wachungaji, maustadhi, madereva wa ngazi zote, walinzi wa mageti makubwa na madogo, mama zetu na dada zetu mlioponyoka majikoni Ijumaa hii ya leo, na mwenye mkahawa huu wa mtaa wa Malaz, ambaye hajui Kiswahili lakini anatabasamu: itifaki imezingatiwa, na ambaye sijamtaja ajihesabu ametajwa, tena kwa cheo cha juu zaidi. (Makofi ya adabu.)

Mimi ni Elphas, mgombea wa udiwani katika bunge la kaunti yetu kule nyumbani. Ninyi hampigi kura, lakini wazazi wenu wanapiga, na simu mnazo. Tangu nitue Riyadh nimejifunza Kiarabu. Dereva wangu Timothy, kila nikimwuliza jambo, ananijibu "mafi mushkila", na kwa utafiti wangu binafsi nimebaini kwamba mafi maana yake ni safi, ni barabara, ni mambo sawasawa. (Kicheko. Hakuna anayemwambia kwamba "mafi mushkila" ni "hakuna tabu", na kwamba mafi peke yake ni "hakuna".) Basi nikitaja jambo, niitikieni hivyo hivyo. Elphas? (Ukumbi mzima: Mafi!) Asanteni, nimeguswa.

Nianze na kodi. Mimi kodi naipinga, na nikichaguliwa jina hilo halitasikika tena katika kaunti yetu, kwa sababu tutakuwa na ada, tozo, ushuru, na ule mchango wa hiari ambao asiyeutoa atatembelewa nyumbani. (Miguno.) Nimeambiwa huku mshahara haukatwi kodi, mtu anapokea riyali zake zote, nami nikasikitika sana, maana hilo ni pengo, na wataalamu wangu wako mbioni kuliziba kwa njia shirikishi, yaani sisi tunakata, ninyi mnashiriki. Kodi? (Mafi! Makofi mazito, wengine wamesimama.) Naona sera imeeleweka.

Sasa maendeleo. Kwa mujibu wa feasibility study niliyoifanya mwenyewe ndani ya ndege, asilimia mia moja na tisa ya vijana wetu watapata ajira, hao tisa wakiwa ni akiba. Nimefanya benchmarking ya barabara zenu, nimezipiga picha, na nitazipeleka nyumbani. (Sauti: "Barabara ama picha?") Kwa awamu, ndugu yangu. Tunaanza na picha. Viwanda? (Mafi!) Hospitali? (Mafi!) Uwazi na uwajibikaji? (Mafi! Bi Rosebellah anajifuta machozi kwa mtandio.)

Naona kuna mama pale nyuma amekumbatia begi kubwa tangu nianze. Mama, usione haya, zawadi yangu nitaipokea, ila tusubiri kamera izimwe. (Mwanamke anasimama: "Si zawadi, Mheshimiwa. Naitwa Sellah. Nimetoka Jeddah jana na basi. Nilikuwa nafanya kazi kwa madam mmoja kule mtaa wa Al-Hamra, mkataba umeisha, na bosi mpya wa hapa Riyadh atanichukua wiki ijayo. Bango lako limesema hosteli yetu sisi wafanyakazi iko wazi hapa Riyadh, mtaa wa Shumaisi, mtu alale bure. Nimekuja unionyeshe kitanda, sina pengine pa kulala.")

Swali zuri, tena la kimkakati. Hosteli hiyo ndiyo flagship ya manifesto yangu, ina orofa nne na lifti mbili, na niliposema iko wazi sikumaanisha mlango, nilimaanisha wazo. Wazo liko wazi kabisa. Wananchi, mtieni moyo dada yetu: Hosteli? (Hakuna anayeitikia. Kisha Sellah mwenyewe, taratibu: "Mafi.") Mmeona? Hata mhusika ameridhika. (Bi Rosebellah anamshika mkono: "Twende kwangu, mama. Tutabanana." Timothy analiinua begi.)

Nihitimishe kwa shukrani. Namshukuru kijana wa studio aliyetupatia picha ya jengo la kwenye bango, ambalo hata yeye hajui liko nchi gani; nawashukuru makandarasi, ambao bado hawajateuliwa; na namshukuru mwenye kiwanja, siku nitakapomjua. Elphas ni kazi! Ushuru bila uchungu! Kura yako, kitanda chako! Na kwa kuwa ndege yangu ni ya jioni hii, Timothy, yalla, lete gari tuondoke. Timothy? (Viti vimebaki vitupu. Nje gari linawashwa. Sellah amekaa mbele, Bi Rosebellah na begi wamekijaza kiti cha nyuma.) Jamani, gari langu?

(Mwenye mkahawa anaacha kupangusa meza, anamwona Mheshimiwa akionyesha kidole barabarani, anachungulia nje, anatabasamu: "Mafi.")