Mzee Ryoba Jikoni

Jumatatu, 3 Machi 2025, Matongo
Nimechoka kuchora vibao vya vinyozi. Leo nimeanza mpango mkubwa: kuchora watu wasipojua wanatazamwa. Mtu akijua anachorwa hukaza shingo kama wa picha ya kitambulisho. Nikajibanza nyuma ya mkonge kwa Mzee Ryoba, mzee wa mila. Mama yangu! Yuko jikoni, kanga ya mkewe kiunoni, anasonga ugali. Mkewe kalala mkekani anamwelekeza. Ndiye huyu huyu aliyemtoza jirani Nashoni mbuzi kwa kuonekana jikoni! Picha imetoka. Akiiona, nimekwisha.

Jumanne, 4 Machi
Nimerudi kumalizia vidole. Rhobi, binti yake, kaniona na daftari. Badala ya kupiga yowe akaniamkia kwa heshima. Kumbe wanakijiji wanaamini mimi ni mthamini wa mgodi unaotaka kutwaa ardhi yao, naandika mali za kulipwa fidia! Kufika saa nane kijiji kizima kinategesha ili fidia iongezeke: vibanda vinaota, miche inapandwa hadi njiani. Nilipaswa kukana. Nikakohoa tu, kama mtu wa ofisi. Nimeletewa jogoo. Usingizi hauji.

Jumatano, 5 Machi
Nimeitwa kwa Mzee Ryoba. Shikamoo yangu ilitoka kama mluzi. Wanaume wamejaa, panga liko mapajani mwake. Akataka kuona boma lake limeandikwaje. Nikasema daftari ni siri ya serikali. Akasema serikali itamsamehe, akalichukua. Akafungua. Nikajihesabu marehemu. Nashoni alipochungulia, mzee akalifunga pap, akatangaza hesabu ni sahihi, watu watawanyike.

Tulipobaki wawili akanikaba kola, macho yana maji. Akasema mkewe hainui mkono tangu Januari, na wazee wakijua nani anapika, hataketi nao tena. Akaniomba, akaniomba mimi, nifute mwiko nichore mkuki. Nilimwonea huruma kabisa. Nikamwambia mkuki utaharibu picha. Panga likainuka. Nimefika kwenye bodaboda na kiatu kimoja, daftari limebaki kwake.

Ijumaa, 7 Machi, Mugumu
Nimejificha kwa shangazi Eunice. Mlango ukigongwa naingia uvunguni. Asubuhi nimeapa sichori tena mtu bila ruhusa yake.

Jirani yetu ni askari mstaafu, mtaa mzima unamwogopa. Sasa hivi yuko uani, mjukuu wake anampaka rangi kucha za miguu, nyekundu, naye katulia kama kondoo. Nimenunua daftari jipya. Ukuta ni mfupi. Mbwa wake amefungwa. Nadhani amefungwa.