Malalamiko Dhidi ya Mumeo Aliyeufunga Mto

Kwako Dada Mkubwa,

Pokea salamu na heshima zote unazostahili kama mzaliwa wa kwanza, mlezi wangu na mwenye neno la mwisho katika ukoo wetu. Mimi mdogo wako ni mzima wa mwili. Cherehani zangu nazo ni nzima, ila ile ya miguu imeanza kuruka nyuzi.

YAH: OMBI LA KUMPIGA MARUFUKU MUMEO KUPIGA HONI MBELE YA DUKA LANGU NA KUNIPELEKA KUVUA TRAUTI, LEO NA SIKU ZOTE

Dada, naandika nikiwa na akili zangu timamu. Sijasahau kwamba shemeji ni rafiki yangu tangu tukiwa dawati moja, wala kwamba mimi ndiye niliyemleta nyumbani ukamwona. Kosa hilo nimelijutia, na wewe kwa nyakati zako umelijutia. Lakini safari ya juzi imevuka mpaka. Naweka malalamiko yangu mbele yako kama yalivyonipata.

1. Kuhusu kuchukuliwa. Tangu wifi yako afariki, na huu ni mwaka wa pili, nimejiwekea utaratibu. Nafungua duka, nashona, nafunga duka, nakaa. Lile koti jeusi nililolishona wiki ya msiba, ambalo bitana yake niliikata kwenye gauni lake la bluu, silivui ila wakati wa kulala. Wateja wakiingia wanashusha sauti. Jirani muuza viatu hupunguza redio nikipita. Kwa ufupi nilikuwa mgane wa kuheshimika, na huzuni yangu ilikuwa inakwenda vizuri. Ijumaa shemeji akaegesha gari lake la kubebea mabomba mlangoni, akapiga honi mpaka mteja niliyekuwa nampima kiuno akashtuka, akaachia tumbo, kipimo kikaharibika. Akatangaza kwamba kiangazi hakimsubiri mtu, tunakwenda kuvua trauti. Nikamwambia sijui kuvua na sitaki kujua. Akasema vizuri, basi samaki watatupenda. Nikataka kujitetea kwamba sina nguo za safari, kumbe mkoba wangu uko garini tayari, na ndani yake soksi zimeviringishwa mbilimbili kwa mtindo ambao duniani humu anaujua mtu mmoja tu. Simtaji huyo mtu. Nasema tu kwamba soksi nilizitambua.

2. Kuhusu gari. Mabomba yaliyokuwa juu hayakufungwa vizuri. Kwenye kona yalipiga filimbi, kwenye matuta yakapiga ngoma. Shemeji akaamua kwamba huo ni muziki na muziki unahitaji mwimbaji. Aliimba kutoka mjini hadi milimani, wimbo mmoja, na wimbo wenyewe anaujua ubeti mmoja. Kwenye kituo cha mafuta mhudumu aliuliza kama tunatoka harusini. Shemeji akaninyooshea kidole, nikiwa nimefungwa vifungo vya koti jeusi hadi shingoni, akamwambia, “Bwana harusi ndiye huyu. Amenuna kwa sababu bibi harusi bado hatujampata.” Mhudumu akanipa pole, nami sikujua kama niipokee.

3. Kuhusu uvuvi wenyewe. Trauti, kama humjui, ni samaki wa maji baridi, ana madoadoa, na ni mwoga kuliko paka aliyeiba. Wavuvi wenzetu walisimama mtoni kimya, fimbo zao za kuvulia zimeinuliwa, kila mtu na mawazo yake. Shemeji aliingia majini akiwasalimia mmoja baada ya mwingine kwa kupaza sauti, na kuwauliza hali za watoto. Akarusha ndoano, ikanasa kofia ya hakimu mstaafu. Akaomba radhi, akarusha tena, ikanasa suruali yangu. Samaki wa mto ule naamini walihama siku hiyohiyo na familia zao. Mimi niliketi juu ya jiwe nikatoa sindano yangu, nikashona tundu la suruali, na kusema kweli mshono ule ulikaa vizuri.

4. Kiatu changu cha kushoto kiko mtoni. Sina la kuongeza.

5. Kuhusu kufungwa kwa mto. Hapa, Dada, tafuta kiti. Nyumba ya wageni tuliyolala ni ya mama mmoja anayefuga trauti kwenye mabwawa uani. Ameyachepusha maji ya mto yaingie mabwawani kwa mfereji, kisha yanatoka kwa bomba lenye koki na kurudi mtoni. Koki hiyo huachwa wazi usiku na mchana, maji yapite. Sasa wewe unamjua mumeo. Fundi bomba yule hawezi kusikia maji yanatiririka akatulia. Unakumbuka alivyokuwa akija kwetu Jumapili, hata hajaketi, anazunguka nyumba nzima akikaza koki zisizovuja, mpaka Jumatatu mimi na mke wangu tunashindwa kuzifungua? Wifi yako alikuwa akicheka na kusema kwamba iko siku mtu huyu ataufunga mto. Basi asubuhi ile shemeji aliamka kabla ya watu, akasikia maji “yanapotea”, akatoa spana yake na kuikaza ile koki kwa nguvu zote, bila kumwambia mtu, akidhani anatenda wema. Mara tuko mezani tunakunywa chai, trauti wa kwanza akapita mlangoni.

Mabwawa yalikuwa yamefurika. Ua mzima uling’aa samaki, wanarukaruka chini ya mashuka yaliyoanikwa, wanateremka kuelekea barabarani. Mama mwenye nyumba alisimama na sufuria mkononi akilia kwamba jasho lake lote ndilo lile linakwenda. Shemeji alikimbia kufungua koki, nayo kwa jinsi alivyoikaza ikamgomea. Akaning’inia kwenye spana. Mimi nikatafuta ndoo, sikuiona. Dada, mimi ni fundi nguo, najua kitambaa kinachoweza kubeba na kisichoweza. Nikavua koti. Sufu nzito, mshono maradufu, bitana imara. Nililitandaza njiani nikazoa samaki, nikakimbia nao bwawani, nikarudi, nikazoa tena, nina kiatu kimoja. Tuliwaokoa karibu wote.

6. Kuhusu kicheko. Koki ilipofunguka ghafla, mumeo aliruka kinyumenyume akatua kwenye tope, trauti akamwingia ndani ya shati, naye bado anapiga kelele kwamba koki ile ilikuwa inavuja. Nikacheka. Sikukusudia. Nilicheka mpaka nikashikilia kamba ya nguo nisianguke. Kisha nikageuka kumwambia wifi yako kwamba haya, ulisema, mto ameufunga kweli. Nikakuta mashuka ya wageni. Basi nikalia. Siku ya mazishi sikulia vile, kwa sababu nilikuwa na viti vya kupanga.

7. Kuhusu ukimya. Hili ndilo lalamiko kubwa, mengine ni ya kusindikiza. Mumeo alimtoa samaki kifuani, akamrudisha majini, akaja akaketi kando yangu topeni, asiseme neno. Hakutania. Hakusema pole. Ule ubeti wake hakuugusa. Alikaa vile mpaka nilipomaliza, na wakati wa kurudi alipita kwenye matuta polepole, ili mabomba yasipige kelele. Nakuuliza, mtu niliyemjua maisha yangu yote kwa makelele anapata wapi ruhusa ya kunifanyia hivyo bila taarifa? Kwa kelele zake nilikuwa nimejiandaa. Kwa hilo sikuwa nimejiandaa hata kidogo.

Hasara ni hizi. Huzuni yangu haikai tena ilipokuwa. Koti nimelifua na kulirudia, bado linanuka samaki. Mteja mmoja amenikuta napiga mluzi ubeti ule. Jirani ameanza kuacha redio juu nikipita, na jana aliniuliza, bila aibu, kama nimekula.

Kwa hiyo naomba, kwa mamlaka uliyonayo, umfiche ufunguo wa gari, na ikifika Ijumaa umtafutie kazi za hapo nyumbani. Nataka nirudi kukaa kama nilivyokuwa nimekaa.

Wasalimie wapwa wangu wote, mkubwa hadi mdogo, na mama mkwe wako, na yule jirani yenu anayelalamikia honi, umwambie niko upande wake. Mtuhumiwa naye msalimie.

Nabaki kuwa mdogo wako mtiifu,
Fundi Nguo

Nyongeza: Koti limekataa kuacha harufu, hivyo nimelifumua. Limetoa vizibao viwili vya kuvulia, vyenye mifuko ya ndoano, na kila kimoja kina mfuko wa ndani, upande wa moyo, wa kile kitambaa cha bluu. Changu kimekwisha. Cha shemeji kimekwama kifuani kwa sababu hatulii nikampima. Mpime amelala, unitumie kipimo kabla ya Ijumaa, na marufuku niliyoiomba ianze Jumatatu. Mama wa mabwawa amekubali kutupa chumba kilekile, ila koki ameitia kufuli. Soksi usihangaike nazo, nimeshaziviringisha mwenyewe.