Nimemtegea Nesi wa Nkololo Mtego, Nimenasa Mwenyewe

Leo nimeaibika stendi ya Bariadi, mchana kweupe, mbele ya abiria, mgambo wawili na mbuzi watatu. Nawaandikia nikiwa nimejifungia chumbani. Doto yuko nje ya mlango, anacheka mpaka anapiga ukuta. Naomba mnisikilize mimi kabla hamjamsikiliza yeye.

Wengi humu mnanijua kama Kabula wa Mashuka. Kwa wageni: mimi ndiye mkubwa nyumbani. Wazazi wetu walipofariki niliacha shule kidato cha pili, nikabaki na wadogo zangu mapacha, Kulwa na Doto. Sasa ni watu wazima. (Kulwa ameota ndevu, Doto ameota mdomo.) Doto anadarizi mashuka kwa cherehani. Mimi nayapiga picha, nayatangaza mtandaoni na kubishana na wateja. Kulwa anakula.

Mwezi uliopita tulipigwa. Mteja wa mbali alilipa kwa simu, nikapandisha mzigo kwenye basi, basi likaondoka, na kabla vumbi halijatulia ukaingia ujumbe: mtumaji anadai alikosea namba, pesa imezuiwa. Nilipiga huduma kwa wateja mpaka ule muziki wao wa kusubirisha watu nikaukariri. Wakaniomba ushahidi. Ushahidi ulikuwa ndani ya basi! Pesa ikarudi kwake, mashuka yakabaki kwake, na sisi tukauza mpunga wetu wa kula ili tumlipe Mama Sakina, mwenye duka la vitambaa anayetukopesha.

Mama Sakina alipokea, akaniambia, "Kabula mwanangu, nakupenda. Lakini likitokea tena usiniletee machozi. Sina chombo cha kuyawekea."

Maana yake nilielewa. Tukipigwa mara ya pili, mkopo wa vitambaa basi, na cherehani ya Doto inageuka meza ya kuwekea vyombo.

Sasa njooni leo asubuhi. Napata oda ya mashuka sita kwa mpigo! Mteja ni nesi, anaitwa Tumaini, mtu wa Iringa aliyepangiwa kazi huku, anaishi Nkololo. Anakwenda likizo kwao na anataka kuwapelekea mama mkwe na mawifi. Tukakubaliana bei bila hata kusumbuana. (Hapo ndipo ningeshtuka. Nani huku kwetu ananunua bila kusema "nipunguzie, mimi mteja wako"?) Akalipa. Nikaangalia salio, pesa ipo. Nikamwita Doto, tukarukaruka uani mpaka kuku wakakimbilia kwa jirani.

Bado tunaruka, ujumbe wa pili ukaingia. Mtumaji amezuia muamala.

Jamani. Nilikaa chini palepale, juu ya ndoo.

Simu ikaita. Ni yeye!

"Dada Kabula, samahani, mtandao umenisumbua," sauti tamu kama uji wenye sukari. "Nakuja mwenyewe Bariadi mchana huu. Tukutane stendi. Nikiuona mzigo nakupa hela mkononi."

"Karibu sana dada yangu," nikajibu, nikaongeza sukari zaidi yake.

Moyoni nikasema: mama, leo umefika.

Nikapanga mtego. Mashuka hayatoki nyumbani ng'o! Nikachukua kiroba, nikakijaza pumba nusu. Juu yake nikapanga matambara ili kikibonyezwa kiwe laini: shuka kuukuu, taiti yangu iliyopasuka magoti yote mawili, na bukta ya Kulwa ambayo sehemu ya kukalia ilishaondoka siku nyingi. Nikashona mdomo wa kiroba kwa uzi wa katani. Ukikibonyeza kwa nje unaapa ni mashuka.

Doto akaniuliza, "Dada, na akikifungua?"

"Tapeli hana muda wa kufungua mzigo. Anachukua anakimbia."

"Na kama si tapeli?"

Nikamwambia aniheshimu, mimi ndiye mkubwa. (Kumbukeni swali hilo lilikuwepo. Nililikanyaga kwa miguu yangu.)

Nikampitia jirani yetu Masalu, ambaye ni mgambo. Kwa chai na chapati nne akakubali kunisindikiza. Makubaliano: yule mwanamke akigusa tu kiroba, Masalu anamkamata.

Tukafika stendi. Nikasimama karibu na mzee mmoja aliyekuwa na mbuzi wake watatu, anasubiri usafiri. Mara akashuka mwanamke mwenye kilemba cha bluu, na nyuma yake dume la mtu limeshika rungu. Nikajua, tapeli kaja na mbabe wake. Yule mwanamke akatupa macho huku na kule, akaniona na kiroba changu. Akanyoosha kidole.

"Ndiye huyo!" akamwambia mtu wake.

"Ndiye huyo!" nami nikamwambia Masalu.

Tulisema kwa pamoja, kama wanakwaya.

Nikasubiri kishindo. Hakukuwa na kishindo. Masalu alikuwa anamtazama yule mwenye rungu, na mwenye rungu anamtazama Masalu.

"Lugwisha!"

"Masalu! Mwadila!"

"Mwadila! Mhola huko?"

"Mhola!"

Kumbe yule naye ni mgambo, wa Nkololo, na walikwenda mafunzo pamoja! Basi zikaanza salamu zetu mnazozijua. Nyumbani wazima? Wazima. Mama watoto? Mzima. Ng'ombe? Wapo, ila yule dume wa madoa anachechemea. Aa! Mguu gani? Wa nyuma. Mmemfunga dawa? Tumemfunga. Mvua huko? Kidogo.

"Mjomba, kamata!" nikamvuta Masalu shati.

"Afande, kamata!" yule mwanamke naye akamvuta wake.

Lugwisha akatugeukia taratibu. "Salamu kwanza. Hata mwizi hakamatwi kabla hajasalimiwa. Ni mwizi, si mbwa."

Ikabidi tusalimiane na sisi. Fikirieni! Nimempania mtu tangu asubuhi, sasa namwambia "shikamoo" kwa sababu ni mkubwa kwangu, na yeye anaitikia "marahaba" huku ameng'ata meno.

Salamu zikaisha. Lugwisha akauliza tatizo nini.

"Nataka hicho kiroba kifunguliwe hapahapa," yule mwanamke akasema. "Niliwahi kuagiza simu mtandaoni nikaletewa kipande cha sabuni. Safari hii silipi nisichokiona."

Nikakikumbatia kiroba.

"Hakifunguliwi!" nikasema.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu... kimeshonwa."

(Kidato cha pili, lakini hata wa chekechea angepata jibu zuri zaidi.)

Watu wakaanza kusogea. Nikamkonyeza Masalu aelewe. Masalu akadhani nampa ruhusa. "Acha wafungue, mwanangu, uwaaibishe," akasema, akachomoa kisu chake mwenyewe, akakata uzi, akakishika kiroba matako juu, akakung'uta.

Pumba zikamwagika chini. Mbuzi wa yule mzee wakaziona. Walivuta kamba wote watatu kwa mara moja, mzee akaja nao mbiombio, na wakaanza kula katikati ya kesi yangu. Shuka kuukuu likaanguka. Taiti ikaanguka, ikajitandaza yenyewe, magoti wazi. Lugwisha akainua bukta ya Kulwa kwa ncha ya rungu, akaitazama mbele, akaitazama nyuma, na kupitia nyuma akaona stendi nzima.

"Hili ndilo shuka la kudarizi?"

"Limedariziwa tundu!" akasema muuza karanga mmoja. Stendi ikalipuka kwa kicheko.

"Mmeona?" nesi akapaza sauti. "Mimi nilijua! Nilijua!"

Na mgambo wangu, mwenye chapati zangu nne tumboni, akanishika mkono. "Kabula, usinifanye nitumie nguvu."

"Ni mtego! Nilimtegea yeye!"

"Kila tapeli husema hivyo," akasema mzee wa mbuzi, ambaye hata hatujuani.

Hapo sikuwaza aibu. Niliwaza Mama Sakina. Habari hii itafika dukani kwake kabla yangu, na Kabula aliyekuwa akiibiwa atakuwa sasa ndiye Kabula mwizi. Nani atamkopesha mwizi vitambaa?

Lugwisha akataka kunijua kabla ya kunipeleka ofisini. "Jina lako?"

"Kabula."

"Ng'wana nani?" Mtoto wa nani. Kwetu hata ukifa njiani watakuuliza hilo.

"Wa Minza. Minza Maduhu wa Sapiwi."

Nesi akaacha kupiga kelele. "Umesema Minza Maduhu?"

"Ndiye mama yangu."

"Basi mpigie simu aje hapa! Hela yangu ilikwenda kwake! Nanunua mashuka kwa Kabula, nikituma linatokea jina la Minza. Ndiyo maana nikaizuia!"

Mungu wangu. Laini!

Namba ninayopokelea malipo ni ya marehemu mama. Sikuwahi kuibadili. Kila mteja huwa namwambia kabla hajatuma: jina litakuja la Minza, usishtuke, ni mama yangu. Kila mteja! Leo kwa kiherehere cha mashuka sita nikasahau.

"Hawezi kuja, dada," nikamwambia. "Tulimzika Sapiwi. Laini ni yake. Sisi tuliona tu ni vizuri iendelee kuita."

Mbuzi peke yao ndio waliendelea kutafuna.

Nesi Tumaini akaniangalia, akashika mdomo. "Yaani nimemzuilia hela marehemu?" Akaanza kucheka, kicheko kikageuka kikawa kingine, akajifuta macho kwa ncha ya kilemba. "Pole mdogo wangu. Mimi niliogopa kupewa sabuni nyingine."

"Na mimi niliogopa kuuza mpunga mwingine," nikasema.

Masalu akauachia mkono wangu, akaupangusa vizuri kama sahani aliyoazima.

Nikampigia Doto. Akaja kwa bodaboda amekumbatia mashuka ya kweli, akayatandaza kwenye benchi la abiria. Maua mekundu, maua ya njano, pembe zimenyooka. Kina mama wakaja kuyashika. Nesi akayakagua moja moja, akanipa fedha yote mkononi, akakataa nimpunguzie hata senti kwa usumbufu. Kisha akayaweka kwenye status yake na maneno haya: "Huyu dada ni mwaminifu, na mdogo wake ana mikono ya dhahabu. Msidanganywe na kiroba." Mpaka sasa nimepata oda mbili kutoka kwa watu walioniona nikikamatwa.

Nimetoka stendi moja kwa moja mpaka kwa Mama Sakina. Habari ilikuwa imefika, kama nilivyojua. Alihesabu hela ya vitambaa vya mashuka haya, akafuta jina langu kwenye daftari la madeni, akanikatia kitambaa kingine bila kuniuliza neno. Nilipofika mlangoni ndipo nikasikia meza ya duka inatikisika kwa kicheko chake.

Wabeja, yaani asante, Nesi Tumaini, umeniachia dawa ya moyo. Wabeja Lugwisha kwa kuuliza mama yangu ni nani kabla ya kunipeleka popote. Wabeja hata wewe Masalu, chapati sikudai. Na Doto, wewe uliyeuliza swali la maana, asante, lakini toka mlangoni.

Kulwa yeye amesikia habari za bukta yake, amesema hatanisamehe, halafu ameuliza tunakula nini.

Ninyi wengine msinicheke. Chukueni tu somo: ukiamua kumtegea mtu, weka kwenye mtego vitu ambavyo uko tayari vionwe na stendi nzima.