Cherehani Katika Wimbo wa Tano

Jumatatu, 3 Machi
Bendi yetu kongwe inarekodi albamu mpya, ya kwanza baada ya miaka kumi na mmoja. Ni metali, roki nzito ile ya nyimbo ndefu, inayobadilisha mapigo mara tu msikilizaji anapoanza kutikisa kichwa. Wimbo wa tano una dakika ishirini na mbili, na katikati yake dakika moja iko tupu. Mimi, mpiga besi, najua cha kuweka hapo. Cherehani cha marehemu mke wangu! Mkanda wake ulikatika zamani, ukafungwa fundo. Ukikanyaga, sindano inapiga mara sita, kisha fundo linaruka gurudumu kwa kuchelewa kidogo, tak! Saba.

Nikapendekeza. Mwimbaji, ambaye ni shemeji yangu, kaka wa marehemu, akasema hapana, hataki watu wadhani tumefungua duka la sare. Kisha akatoka nje, akakaa huko kitambo. Jeuri tu!

Jumanne, 4 Machi
Mbinu. Nimekiingiza studio kimefunikwa shuka, nikasema ni spika. Mpiga ngoma akauliza spika gani ina kanyagio. Nikasema za kisasa ndivyo zilivyo. Akavuta kiti, akaegemeza mkono juu ya hiyo spika yangu, akaanza kula mkate huku mguu ukicheza kwenye kanyagio. Alipoinuka, shuka liliinuka naye. Limeshonwa kwenye shati lake, mshono safi kabisa.

Fundi mitambo alicheka hadi akavua vidude vya masikioni. Ila akakiri mapigo ni matamu. Tutarekodi Alhamisi, shemeji akiwa kwa daktari wa meno. Siri!

Jumatano, 5 Machi
Siwezi kumwingiza mke wangu kwenye albamu akiwa na vumbi. Nimekipeleka kwa fundi wa cherehani akitie mafuta na kukifuta. Mzee wa watu, mkarimu mno.

Marehemu alishona akiwa na pini midomoni. Ukimwuliza jambo, jibu lilikuwa mm. Hata nilipomposa alijibu mm. Nikaichukua kuwa ndiyo. Hakuwahi kunisahihisha.

Alhamisi, 6 Machi
Balaa! Kinashona kama askari wa gwaride. Moja mbili, moja mbili. Fundi amebadilisha mkanda bila kuulizwa, eti zawadi kwa mgane mwenzake. Nikakimbia kumwomba akiharibu tena. Akasema ana miaka thelathini katika kazi hii na hajawahi kutukanwa namna hiyo. Mkanda wa zamani je? Gari la taka limepita asubuhi.

Nikafunga fundo mwenyewe kwenye mkanda mpya. Likatoa tano. Nikalifunga upya. Tisa! Mpiga ngoma akasema tisa nayo si mbaya, kaka. Nikamwambia mke wangu hakuwa tisa. Nikalia kidogo nyuma ya spika, safari hii ya kweli.

Ijumaa, 7 Machi
Shemeji amefika mapema, shavu limevimba kama andazi lililozidi hamira. Akanikuta sakafuni na mkasi na mafundo kumi na manne. Nikaungama yote, nikangoja matusi. Badala yake akauliza, kwa nusu mdomo, ni mapigo yapi hasa ninayotafuta. Nikajaribu kupiga makofi. Nikapotea.

Akakaa. Akavua kiatu. Akapiga kisigino kwenye mbao za sakafu: sita, kisha moja ya kuchelewa. Yenyewe!

Kumbe cherehani kilikuwa cha mama yao kabla ya kuwa cha mke wangu, na fundo lilifungwa wote wawili wakiwa wadogo. Amesema alilala chini ya meza yake utoto mzima, na hajatunga wimbo hata mmoja usio na mapigo hayo. Jumatatu alikataa kwa sababu hakujua kama angeyasikia na kubaki amesimama. Jamani! Miaka ishirini na sita wachambuzi wanasifu hesabu zake!

Tumerekodi kisigino. Dakika moja kamili. Hakuna aliyepumua, na mpiga ngoma hakugusa kitu. Baadaye shemeji akaniambia shemeji bwana, wewe ni msumbufu, akanishika bega, akasahau kuliachia.

Jumatatu, 10 Machi
Albamu imekamilika, zimebaki sekunde chache za mwanzo. Nina wazo! Mlango wa jikoni kwangu unalia kwa noti mbili, ya pili ikipanda. Kila marehemu alipoingia na chai, ndio ulionitangulizia habari. Hakuna gitaa litakaloweza kuufuatisha.

Shemeji amekubali papo hapo. Ila amenisihi, karibu kupiga magoti, niuache kama ulivyo. Nimemwambia asinione mtoto, mimi nimeshajifunza.

Fundi mitambo anakuja na vipaza sauti kesho saa nne. Seremala nimemwambia awahi saa mbili, abadilishe bawaba zote na kuzitia mafuta, mlango usije ukatutia aibu.